Nani Kauleta Mkono Huu?

Mtoto alipotoka, mkunga hakusema kitu. Sikudhani, mzazi mwenyewe, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na sasa jua lilikuwa limepanda mpaka usawa wa dirisha, na masikio yake yalikuwa yakilingoja lile neno ambalo wakunga wa mji ule hulitamka hata kabla ya kukata kitovu. Hawakusema kwanza kama ni mke au mume. Walisema "tano na tano," na hapo ndipo mzazi aliposhusha pumzi. Mkunga huyu alikata kitovu, akampangusa mtoto, akamfunga kanga mpaka shingoni, na mdomo wake ukabaki umefumbwa.

"Mbona husemi?" Sikudhani aliuliza.

"Ni msichana. Msikie anavyolia, mashaallah, ana kifua."

"Sikukuuliza kilio."

Mkunga alimlaza mtoto juu ya kifua cha mama yake, akaanza kukusanya vifaa vyake mapema kuliko desturi. Basi Sikudhani akaifungua kanga mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu, gumba na kile cha mwisho, virefu na vyembamba, vimeelekeana, na kati yao palikuwa na ufa ulioteremka hadi katikati ya kitanga. Akaufunua wa kushoto huku akijiambia kwamba haiwezekani, hata bahati mbaya ina haya, haiwezi kuchukua yote miwili. Ilikuwa imechukua yote miwili. Mtoto akaukamata upindo wa kanga kwa vidole vyake viwili na kuuvuta kwa nguvu, kama mtu aliyekuta kitu chake mikononi mwa mwingine.

Mji ule haukuwa na jina. Walioishi humo waliuita Hapa, na kila kisichokuwa Hapa walikiita Huko, na hawakuwa na neno la tatu. Ulikuwa mji wa wafinyanzi, na kwa kuwa walikula kwa mikono yao, waliona kwamba dunia nzima imepimwa kwa mkono. Wiki yao ilikuwa na siku tano. Siku ya kumi, vidole vya mikono yote miwili vinapokwisha, kila mtoto hupelekwa Ukutani, na kitanga chake hukandamizwa kwenye udongo mbichi mbele ya Baraza. Hapo ndipo hupewa jina, na hapo ndipo huwa mtu. Asiyekuwa na alama Ukutani hakuhesabiwa akiwa hai wala hakuliliwa akifa. Na kitanga kisipotimia, Baraza lilikuwa na swali moja tu, nalo halikubadilika tangu ukuta ule ulipokuwa jiwe moja: Nani kauleta mkono huu? Jina lilitajwa, jina likaandikwa, na mwenye jina akatolewa kwa Lango la Chini, aende Huko asirudi. Alama yake ililainishwa kwa kitambaa cha maji. Mtoto akakubaliwa, kwa sababu kosa lilikuwa limekwisha kumpata mwenyewe.

Sikudhani aliyajua haya kama anavyojua mtu njia ya kisimani. Hakuwahi kuyafikiri.

Bi Mize, mama mkwe wake, alikuja kabla ya adhuhuri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyezaa mara moja tu, na huyo mmoja akawa Kombo, mume wa Sikudhani, ambaye licha ya jina lake hakuwa na kombo lolote mwilini. Bi Mize aliufunua mkono wa mtoto, akautazama kwa muda mrefu, akaufunika tena kwa uangalifu.

"Kwetu hakuna mkono huu," alisema.

"Hata kwetu hakuna, mama."

"Basi umeokotwa njiani?"

"Mama, mwache apumzike," Kombo alisema kutoka kizingitini. Hakuwa ameingia. Hakuingia siku ile wala iliyofuata.

"Mimi simsumbui. Nasema tu kwamba siku ya kumi wataniuliza mimi pia, na mimi nitasema nijualo. Katika nyumba hii mgeni ni mmoja."

Usipewe siku kumi za kujitafuta, msikilizaji, ikiwa hujapata kujipoteza. Sikudhani alilala ubavu huku mtoto akinyonya, na akaanza kuirudia miezi tisa kama mtu aliyeangusha sindano ndani ya nyumba. Nilikula nini. Nilikula udongo, ndiyo, lakini nani asiyekula udongo akiwa na mimba, tena ule mweupe wa mtoni. Nilimcheka nani. Sikumcheka mtu. Nilimcheka yule mzee aliyeteleza sokoni. Lakini yeye aliteleza kwa miguu. Nilibeba maji. Niliota moto. Nilivunja chungu cha mama mkwe nikakificha kigae, je, kigae kina vidole? Nilimpenda mtoto kabla ya wakati wake. Sikumpenda vya kutosha. Kila alipopata kosa alilipima na ule mkono, na kila kosa likawa dogo mno, au halikuingia katika ule ufa. Akaona jambo lililomtia hofu kuliko mkono wenyewe: kwamba alitamani sana kulipata.

Siku ya tatu alijitanda, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda Ukutani peke yake. Ukuta ulianzia sokoni na kuizunguka Hapa yote, na alama za watu zilikuwa zimepangwa kwa mpango wa kuzaliwa kwao, kiasi kwamba aliyetembea kuelekea kusini alikuwa akitembea kuelekea jana. Alianza kwa vitanga vya mwaka ule, ambavyo udongo wake ulikuwa bado na unyevu. Akapita vitanga vya watoto aliowaona wakizaliwa. Akakipita cha Kombo, cha kwake mwenyewe, akaenda. Kadiri alivyokwenda ndivyo jua lilivyorudi nyuma, na asubuhi ikawa asubuhi ya kale yenye harufu ya majani yasiyoota tena. Alipofika kwenye kitanga cha bibi yake mzaa mama, alikitia mkono wake ndani, ukaenea sawasawa, na kwa kitambo akawa yeye: akasikia njaa ya mwaka wa nzige, akasikia maziwa yakimjaa kwa ajili ya mtoto ambaye baadaye angekuja kumzaa Sikudhani. Akautoa mkono. Akautia katika kitanga cha mama wa bibi, na cha mama yake huyo, akawa wote hao, kila mmoja na vidole vyake vitano, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, ndiyo, ni mimi, niliuficha.

Akavitafuta vitanga vya ukoo wa Kombo, akafanya vivyo hivyo. Tano. Tano. Tano.

Alichokiona badala yake ni zile nafasi. Kati ya kitanga na kitanga, hapa na pale, palikuwa na mahali palipolainishwa, ukubwa wa mkono wa mtu mzima, pakavu na patupu. Alizizoea tangu utotoni, akidhani ni udongo ulioharibika. Sasa alizihesabu mpaka akashindwa. Chini ya kila nafasi palikuwa na jina la mtu lililokwaruzwa.

Karibu na Lango la Chini alikaa Daktari Semeni, mwanamke wa makamo ambaye Baraza lilimvumilia kwa sababu homa za mvua hazikumwogopa mtu mwingine. Sikudhani alimfikia akiwa amechoka. Daktari aliiomba mikono ya mtoto, akaishika kama anavyoshika mtu barua iliyoandikwa kwake, akaigeuza, akaitazama na miguu, ambayo ilikuwa mizima.

"Nani kauleta?" Sikudhani aliuliza.

"Mimi siulizi nani. Nauliza nini. Keti."

Alichora karatasini duara na mraba, akaziunganisha kwa mstari: duara ni wewe, mraba ni mumeo. Akamuuliza habari za kila duara na kila mraba uliotangulia. Sikudhani, aliyetoka kuwa wote hao asubuhi ileile, alijibu bila kusita.

"Sikiliza," Daktari Semeni alisema. "Kila mtu hujengwa kwa maandishi. Nusu huyapata kwa mama, nusu kwa baba, na yote ni marefu kuliko vitabu vyote utakavyopata kuviona. Mkono huchipua mapema sana, mimba haijamaliza mwezi wa kwanza au ndiyo kwanza imeumaliza, wakati wengine hawajajua hata kama wameshika. Unaanza kama kasia dogo. Kisha maandishi husema, hapa pagawanyike, hapa pakae kidole, hapa pasikae. Herufi moja ikikaa pasipo pake, kasia hugawanyika namna nyingine. Ndiyo hii."

"Na hiyo herufi ilitoka kwangu au kwa baba yake?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Nitahitaji damu yenu, nyote watatu."

Kombo alikuja kutolewa damu, na hilo lilimgharimu zaidi ya alivyoonyesha. Aligeuza uso sindano ilipoingia. Njiani akasema, bila kumtazama mkewe, "Ikiwa ni kwangu nitakwenda. Nakuapia." Sikudhani alimwamini, akaona kwamba hata yeye Kombo anaomba isiwe kwake.

Majibu yalitoka siku ya tisa. Daktari alikuwa ameiona herufi katika damu ya mtoto. Aliitafuta katika damu ya mama, hakuiona. Aliitafuta katika damu ya baba, hakuiona.

"Maana yake nini?"

"Maana yake imeanza kwake. Maandishi yananakiliwa kila mtu anapoumbwa, na mwenye kunakili hukosea mahali fulani kwa kila mmoja wetu, kwangu na kwako. Aghalabu kosa huangukia mahali pasipo na neno. Kwa huyu limeangukia kwenye mkono. Hukula kitu. Hukucheka mtu. Hakuna aliyefanya, mwanangu."

Sikudhani alidhani angelia kwa furaha. Badala yake alisikia sakafu ikimtoka miguuni. Kosa lenye mwenyewe lina ukuta, unaweza kuliegemea au kulipiga ngumi. Hili halikuwa na upande. Ni nani basi anayetuumba, aliwaza, ikiwa mkono wa mtoto unaweza kukatwa namna hii na mkasi usioshikwa na mtu? Na ikiwa herufi moja tu imeugawa ule mkono hivi, je, vidole vyangu hivi vitano navyo ni nini, kama si herufi iliyokaa mahali pake bila mimi kuiomba?

"Na watoto wake yeye?" aliuliza.

"Kila mimba nusu kwa nusu. Kama kurusha kokoto yenye upande mweusi na upande mweupe. Kuanzia kwake, itaweza kurithiwa."

Nyumbani alilieleza hilo mchana ule, neno kwa neno. Hakuna aliyefarijika. Kombo alikaa kitako akayakumbuka makosa yake kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtu anayetoa mawe mfukoni: alimdhulumu rafiki, alimnyima fundi wake mapumziko. Sikudhani alipomwambia nyamaza, akasema, "Afadhali niwe nilifanya."

Bi Mize naye alikuwa na lake. Mwishowe alisema, "Nilipokuwa na mimba ya huyu, alipita mwanamke barabarani, anapelekwa Lango la Chini. Jua lilikuwa kali kama leo. Kitoto chake kilikuwa kwenye mikono ya bibi zake, mkono wake kama huu, kinalia, na wao wanabaki nacho. Mwanamke akasimama mlangoni pangu akaniomba maji. Mtungi ulikuwa umejaa. Nikafunga mlango."

"Mama."

"Nikafunga mlango kwa komeo. Sasa umerudi mkono. Kesho nitataja jina langu."

"Daktari amesema si kosa la mtu, mama. Hakuna aliyeuleta."

Bi Mize alimtazama mkamwana wake kwa macho ambayo Sikudhani hakuwahi kuyaona usoni pale, macho ya kumsihi. "Ikiwa hakuna," alisema, "basi mlango wangu niupeleke kwa nani?"

Siku ya kumi Baraza lilikaa chini ya ukuta. Walikuwa watu watano, lakini mmoja tu ndiye aliyesema, naye aliitwa Mshika Kalamu, mtu mpole wa sauti ya chini, ambaye kucha zake zilikuwa safi katika mji wa watu wenye udongo kuchani. Kombo alishika bakuli la udongo mbichi kama ilivyompasa baba. Watu walikuwa wengi. Mkunga naye alikuwepo, nyuma kabisa.

"Nani kauleta mkono huu?" Mshika Kalamu aliuliza.

"Mimi," Bi Mize alisema, na tayari alikuwa amesimama. "Mize binti Faki. Andika."

Kalamu ilishuka. Ingekwisha hapo. Mtoto angekandamizwa, angepewa jina, angerudi nyumbani. Bibi angetoka kwa Lango la Chini akiwa mwepesi, maana mzee huyu alikuwa ametembea miaka thelathini akiutafuta mlango wa kutokea. Sikudhani aliyaona yote haya. Aliziona pia zile nafasi zilizolainishwa zikizunguka mji mzima, na akaelewa kwamba kila moja ilikuwa siku kama ile, na kila mara palikuwa na mtu aliyekubali, na mama aliyenyamaza kwa ajili ya mwanawe. Na baada ya miaka ishirini binti yake angezaa, na kama kokoto ingeangukia upande ule, wangesema ni laana ya Bi Mize, watafute mlango mwingine wa kuubebesha mkono.

"Si kweli," alisema. "Hakuna aliyeuleta."

Watu waliguna. Bi Mize alimgeukia. "Nyamaza, mwanangu. Nakuomba. Niache."

"Mkono upo," Mshika Kalamu alisema kwa upole. "Kilichopo kimeletwa."

Basi Sikudhani akamweleza, kwa maneno ya daktari na kwa maneno yake mwenyewe: habari ya maandishi, habari ya kasia, damu za watu watatu. Mshika Kalamu alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake.

"Wasema haikuwa kwako wala kwa mumeo wala kwa waliotangulia. Wasema imeanza kwake."

"Ndiyo."

"Basi nimekuelewa. Asiyetanguliwa na mtu ndiye mwenyewe. Tutaandika jina lake. Anaitwa nani?"

Mtoto hakuwa na jina. Jina hutolewa baada ya kitanga. Sikudhani aliona mtego ulivyofungwa, tena kwa ukweli wake yeye. Nikimpa jina, wataliandika, na atatolewa. Nisipompa, hatakuwa mtu, atakulia Hapa kama kivuli cha mtu, na wao watasema hawakumfukuza. Upande wake wa kulia Bi Mize alikuwa bado amesimama, jina lake likiwa nusu karatasini. Kombo alilitazama bakuli.

"Taja, mama," Mshika Kalamu alisema. "Au kaa."

Sikudhani alimfungua mtoto mgongoni, akamwinua juu, mikono yake miwili ikaonekana na kila mtu, ufa kwa ufa, na mwanga ukapita katikati.

"Mosi," alisema. "Anaitwa Mosi. Andika vizuri, usikosee herufi."

Kisha hakungoja kutolewa. Akashuka mwenyewe kuelekea Lango la Chini, na watu wakampisha njia upana usiohitajika. Alisikia hatua nyuma yake, hakugeuka. Alipofika langoni ndipo alipomwona Bi Mize ubavuni pake, anahema.

"Hujaandikwa, mama. Rudi."

"Nipe mtoto," Bi Mize alisema. "Una siku kumi tangu uzae, utaanguka njiani."

Kombo hakuja. Alibaki na bakuli mpaka udongo ukamkaukia mikononi. Alikuja baadaye, baada ya wiki tano au baada ya miaka mitano. Huko siku hazikuhesabiwa kwa vidole, na kila alipoulizwa alitoa jibu jingine. Walimpokea. Sikudhani hakumuuliza kwa nini alichelewa, na hilo lilikaa kati yao siku zote, kama fenicha ambayo kila mtu huizunguka.

Huko hakukuwa peponi. Palikuwa na nyumba chache, upepo, na watu waliowahi kuandikwa, wengi wao wakiwa na vidole vyao vitano na huzuni zao. Bi Mize alitafuta miongoni mwao mwanamke fulani, nyumba kwa nyumba, akiwa na mtungi wa maji. Aliambiwa alikwisha kufa. Akaugawa mtungi ule kwa yeyote aliyekuwa na kiu, kila siku, mpaka naye akafa, na hakuna aliyeweza kusema kama alipata alichokitaka.

Mosi alikua haraka, au ni wakati wa kule ndio ulivyokwenda. Alijifunza kufunga kanga, kukuna nazi, kufinyanga. Vyungu vyake vilikuwa na shingo nyembamba ambayo wafinyanzi wa Hapa hawakuweza kuitoa. Alikuwa na hasira za karibu, alipenda kuimba vibaya, na alimchoka mama yake kama mabinti wengine wanavyowachoka mama zao. Akapata mume. Asubuhi moja alikuja akaketi barazani, tumbo limemtangulia, akawa anaondoa udongo kati ya vidole vyake viwili kwa kijiti.

Sikudhani alikuwa ameyangoja maneno yaliyofuata miaka yote, na majibu alikuwa nayo.

"Mama, akizaliwa na mikono kama yangu?"

"Atakuwa na mtu wa kufanana naye. Wewe hukuwa naye. Utamwonyesha namna ya kushika kila kitu, na hatamtafuta mtu wa kumlaumu."

Mosi aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama aliyeulizia bei tu. Aliendelea na kijiti chake. Kisha mkono ukasimama, na alipoinua uso, Sikudhani aliona ndani yake hofu ileile aliyoijua, hofu ya mzazi aliyelala akilisubiri neno la mkunga.

"Na akizaliwa na vitano?" Mosi aliuliza. "Atanijuaje kuwa mimi ni mama yake?"

Sikudhani alimsogelea karibu. Upepo ulipita, ukaifunika mikono ya binti yake kwa upindo wa kanga, ukaifunua tena. Katika miaka yote ile, hilo hakuwahi kulifikiri.